Sauti Isiyopita Ukutani

Ilikuwa kanuni ya zama zile kwamba sauti ya mwimbaji ikizeeka isisikike tena; kuta za kila nyumba na kila studio ziliidaka na kuirejesha ujanani kabla haijafika masikioni. Basi Mzee Shekimweri, mwimbaji wa bendi kongwe ya magitaa ya Tanga, alipoleta nyumbani albamu waliyorudi nayo baada ya kimya kirefu, mkewe, Bi Mwanakombo, aliisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na wewe uko wapi humu?"

"Ndiye mimi huyo."

"Huyo kijana alinichumbia, nikamkubali, akaenda zake. Mimi nimezeeka na mwengine, mwenye kikohozi. Huyu ndiye nimtakaye."

Mzee akacheka, akaanza ubeti wa kwanza. Ukuta ukamfunika kwa sauti nyororo ya ujana wake. Akapaza, ukuta nao ukapaza.

"La haula! Uhai kanipa Mola, na mvi kanipa Yeye. Ukuta ni nani hata unisahihishe?"

Akaweka midomo sikioni mwa mkewe, karibu kuliko ukuta uwezavyo kufika, akaimba. Sauti ilikwaruza, ikakatika, ikavuta pumzi mahali ambapo zamani haikuvuta. Bi Mwanakombo akaziba sikio la pili kwa kiganja, kisha naye akamwitikia sikioni, kwa sauti yake ya kibibi.

Ukuta uliendelea kuimba peke yake. Mara ukanyamaza, kama mtu anayetega sikio. Wazee wale wakausikia ukimya huo, wakatazamana, wakaanza upya tangu ubeti wa kwanza.