Upepo wa Samaki

Mambo yaliharibika Jumanne ile, wakubwa walipokata umeme mtaa mzima bila hata kuaga. Mashine ya hewa kwenye tangi la kioo ikanyamaza, na vile visamaki alivyoviacha marehemu Nyamizi vikajifungia ndani ya magamba ya konokono vinamoishi.

Mzee Lutobeka akachukua pampu ya baiskeli, akatumbukiza mpira wake majini, akaanza kujaza upepo.

"Ofisini kwao jenereta linanguruma," alifoka. "Samaki wa mke wangu ndio wafe!"

"Jaza upepo, shemeji, acha siasa," alisema Bi Tatu, jirani na shoga wa marehemu, akimpokea pampu. "Unatokwa jasho kama bwana harusi."

Wakapokezana hadi magharibi. Hakuna samaki aliyetoka. Mzee akaingiza mkono kulitoa gamba alimojificha samaki jike, akijua anakwenda kuzika.

Mchanga ukatimka. Jike akachomoka, akamng'ata kidole, na nyuma yake vikamwagika vitoto, kama chenga za mchele zenye macho.

Mzee alicheka mpaka akakaa chini.

"Umeme wenyewe haujarudi," alisema Bi Tatu, pampu mkononi. "Haya, usiku huu zamu ya nani?"