Kidole cha Nélida

Eleuterio hakuwa akitazama mti. Alikuwa akitazama kidole cha Nélida.

Kidole kilipanda polepole. Kikasita. Cha pili kikataka kuchomoza, kikarudi. Eleuterio akainamisha kichwa kukubali: naam, mdomo-mfupi. Wakaendelea na njia, kimya, kando ya mto mpana wenye rangi ya tope.

Oktoba ilikuwa imechipusha majani, na fiofío walikuwa wamerejea kutoka kaskazini. Ni ndege wadogo wa kijivu, wa aina mbili, waliofanana kama shilingi kwa ya pili. Macho hayafui dafu hapo. Ni sauti tu inayowatenga. Na kwa kuwa watu wa chama chao cha watazamaji ndege hawasemi ndani ya kichaka, kidole kimoja ni mdomo-mfupi, viwili ni mpiga-mluzi.

Kwa miaka mingi Eleuterio ndiye aliyewafundisha wenzake tofauti hiyo. Lakini wakati wa baridi masikio yake yalianza kuzikosa sauti nyembamba, mwishowe zikatoweka zote. Maneno ya watu aliyasikia, ndege, la. Hakumwambia mtu. Angesema nini? Jumapili ya chama ndiyo siku pekee aliyoitwa kwa jina lake. Siku nyingine aliitwa na birika tu.

Basi akamchagua Nélida. Mjane huyu, aliyemaliza ujana wake kwenye mashine za kufuma nguo, alikuwa mwanafunzi mpya, makini, asiyebandua macho usoni pa mwalimu. Yeye ananyoosha kidole, Eleuterio anakubali. Nani angejua?

Adhuhuri wakaketi kwenye gogo. Nélida akatia maji ya moto kwenye kibuyu cha mate, ile chai ya kwao inayonywewa kwa mrija, akampa.

"Leo sikukosea hata mara moja, mzee. Au unanionea huruma?"

"Huruma, mimi? Kamuulize katibu wa chama. Mwaka jana alikosea ndege mmoja, nikamliza papa hapa."

Nélida akacheka. Eleuterio akainamia kibuyu. Jumapili ijayo yalikuwa matembezi makubwa ya chama, na yeye ndiye kiongozi. Watu wote wale wangemgeukia, wamwulize yupi anaimba. Afadhali aondoke mwenyewe kuliko kuondolewa.

Akavuta mpaka mrija ukakoroma, akarudisha kibuyu. "Asante," akasema, na kwao anayeshukuru haongezewi tena.

"Mbona mapema?"

"Jumapili waongoze wewe, Nélida. Masikio yangu yamekufa. Leo sijasikia ndege hata mmoja. Nimefuata kidole chako, basi. Mimi nitakaa nyumbani."

Nélida alikijaza kibuyu tena, akamwekea mkononi kana kwamba asante ile haikutamkwa.

"Mimi mashine zilinimaliza masikio kabla sijakujua, mzee," akasema. "Nilikuwa nafuata uso wako."

Juu yao kindege cha kijivu kilipanua mdomo, koo likatetemeka. Wakakitazama wote wawili, kila mmoja akimngoja mwenzake.