Kigoda cha Shahidi

Tangu mashine zilipojua kutunga, hakuna mswada unaochapishwa bila shahidi aliyemtazama mwandishi akiandika kila neno kwa mkono. Kwenye semina ya waandishi chipukizi, mwandishi Mwinjuma aliwausia, "Tafuteni shahidi mvumilivu." Ukumbi ukacheka. Mkewe Tatu, aliyekaa kando yake kama shahidi wake kwa miaka tisa, aliinamia viganja vyake.

Waliporudi nyumbani, Mwinjuma alimwekea kalamu mezani, akajivutia kigoda.

"Mama Riziki, sasa ni zamu yako. Andika ile hadithi uliyokuwa nayo tulipooana."

Tatu aliishika kalamu, akaitazama karatasi.

"Ilikuwa ikianzaje, Baba Riziki?"

Miaka yote tisa, kila mkewe alipoanza kuisimulia, Mwinjuma alimwomba anyamaze kwanza, kwani yeye anaandika.