Uzi Mguuni mwa Mdiria

Bi Rukia alifunga kamera kwenye darubini, akazungusha pete ya darubini taratibu mpaka mdiria aliyekuwa ng'ambo ya bwawa akaonekana wazi, unyoya kwa unyoya. Kwa siku tatu picha zake zilitoka na ukungu, kwa kuwa ndege hakutulia. Leo alikuwa ametulia mno. Ndipo akauona uzi mweusi, umemfunga mguu kwenye kijiti.

"Shekuwe, nani kafanya hivi?"

"Mimi, mama," mwongozaji wake alijibu bila haya. "Si wewe uliyelalamika kila jioni kwamba hatulii?"

"Nililalamika. Nilikutuma umfunge?"

"Hukunituma. Piga picha basi, kabla jua halijawa kali."

Bi Rukia alivua viatu, akavuka maji yaliyomfika magotini, akaukata uzi kwa meno. Kisha akarudi nyuma hatua moja, ampishe aruke.

Mdiria hakuruka. Alibaki kijitini, mguu mmoja ameuinua, akimtazama.

Ng'ambo alikotoka, Shekuwe alikuwa ameinamia kamera.

"Usisogee, mama," alisema. "Sasa mmetulia wote wawili."