Kiti cha Nahodha

Shekue alikuwa akitengeneza chumba cha nahodha wa chombo cha angani, kwa ajili ya filamu. Vifuniko vya sufuria vilimtosha kuwa mitambo, ila kiti kilimshinda. Akachukua cha magurudumu cha mama mkwe wake, akadai anakipeleka kwa fundi. Aling'oa magurudumu, akakipigilia sakafuni, akakipaka rangi ya fedha.

Mkewe akamleta mama yake mgongoni kutazama maajabu. Mama mkwe akakitambua kiti, akaomba awekwe pale. Mkewe akamweka, akatoka.

"Mkwe wangu, hiki kinafika mwezini?"

"Kwenye filamu, mama."

"Mwezini mbali. Nifikishe chooni tu."

Kwa desturi, mama mkwe habebwi na mkwewe. Shekue akachuchumaa, akamgeuzia mgongo, akangoja.