Nusu ya Baba

Siku hizo hakuna mtoto aliyeandikishwa shule kabla jeni zake hazijakaguliwa na kurekebishwa. Sikudhani, binti wa Tausi, alikuwa na miaka saba, hajatamka neno, ila alicheka kutwa. Raha yake ilikuwa asubuhi, mama yake akimimina maji kwenye beseni kwa kata. Hapo alicheka mpaka majirani nao wakaangua kicheko.

"Jeni uliyompa wewe ina kasoro, mama," muuguzi alimweleza Tausi kwa upole. "Ndiyo inayomzuia kusema na kumfanya acheke kutwa. Ya baba yake ni nzima, lakini imelala ubongoni, kama ilivyo kwa watu wote. Sindano hii itaiamsha."

Tausi aliguna. Baba mtu aliwakimbia kitambo, leo ndiye wa kumwokoa mtoto! Hata hivyo alitia sahihi.

Baada ya miezi minne Sikudhani alikuwa akila mwenyewe kwa kijiko. Asubuhi moja Tausi alichota maji, akainua kata juu, akamimina taratibu, akisubiri kicheko.

Mtoto akakunja uso, vilevile alivyokuwa akiukunja baba yake.

"Mama," akasema, sentensi yake ya kwanza duniani, "unamwaga maji bure."

Tausi alimkumbatia, akamshukuru Mungu kwa sauti. Kisha akachota tena, akainua kata juu zaidi, akamimina.