Kitambaa cha Tudora

Rangi nyeusi ilimwishia mchoraji Anghel akiwa amebakiza kitambaa cha kichwani tu. Uso wa Tudora ulikuwa tayari kwenye picha, na shanga za shingoni, na hata kile kidoti cha shavuni. Ila kichwa bado kilikuwa cheupe kama yai.

"Niwie radhi, Bibi Tudora. Rudi kesho, nitakuwa nimepata nyeusi."

Karibu na jiko la kuni, Safta aliguna huku akifuma soksi. Safta alikuwa wifi yake Tudora, naye mjane vilevile, na katika mji ule mjane hufunga kitambaa cheusi mpaka siku anapozikwa. Alikuja makusudi kuhakikisha kwamba hata picha inafuata desturi.

Tudora alikitupia jicho kibao cha rangi. "Na hiyo nyekundu, fundi, ipo ya kutosha?"

"Nyekundu? Tele."

"Basi nifunge hiyo."

Sindano za Safta zilisimama. "Tudora! Watu watasema nini?"

"Watasema nimependeza, wifi yangu."

Akaangua kicheko, na Anghel hakungoja kuambiwa mara ya pili. Nyekundu ikatambaa juu ya paji la uso, ikazunguka masikio, ikashuka hadi mabegani, na chumba kizima kikawa kama kimewashwa taa.

Safta aliinuka kwenda kumzuia. Alipofika mbele ya picha, akasimama akiikodolea macho ile nyekundu.

"Hapo pembeni pamefifia," alisema mwishowe. "Ongeza kidogo."

Na vidole vyake vikapanda polepole, vikaanza kupapasa fundo jeusi chini ya kidevu chake.